Miche yetu ya mikoko ilikufa. Tukubali mradi wa pili?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira katika kijiji kimoja cha pwani wilayani Kilwa. Miaka mitatu iliyopita shirika moja lilituletea fedha, tukapanda mikoko mbele ya kijiji, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Leo ukienda pale unakuta vijiti vilivyokauka na miche ya kuhesabu. Sasa wamerudi na mradi mkubwa zaidi, wanasema utaleta fedha za kaboni kama wale wa Gazi kule Kenya. Wazee wanasema tukatae. Vijana wanataka posho ya kupanda. Wale wa Gazi walifanya nini ambacho sisi hatukufanya? Na hawa wageni tuwaulize nini kabla ya kutia saini?

Jibu: Marahaba, katibu. Wazee wenu wana haki ya kusita na vijana wana haki ya kutafuta riziki, kwa hiyo sitawaambia mkubali wala mkatae. Nitaanza na hesabu moja ya Gazi ambayo watu wengi wanaoisifu Gazi hawaitaji. Mradi wa Mikoko Pamoja, huo uliowapa jina, unahusu hekta 117. Kati ya hizo, hekta 107 ni msitu wa asili uliokuwepo tayari, na hekta 10 tu ndizo zilizopandwa kwa mkono. Sehemu kubwa ya mafanikio yao ni miti iliyokuwa imesimama na wakaamua isikatwe. Wageni wakiwaambia "kama Gazi" huku mpango wao wote ni kupanda, basi hiyo wanayoizungumzia si Gazi.

Gazi iko Kwale, kusini mwa Mombasa, mwendo wa kilomita kama 50. Ghuba yake ina zaidi ya hekta 600 za mikoko. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu ule zilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani, zikafyekwa bila kuachwa miti ya kutoa mbegu, na baada ya hapo palibaki upara. Mwaka 1991 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ikaanza majaribio ya kupanda pale, na aliyesimama mbele katika kazi hiyo kwa miaka mingi ni Dkt. James Kairo. Mwaka 1994 wakapanda mashamba makubwa zaidi pamoja na wanakijiji. Walijaribu aina hii hapa na aina ile pale, wakapima, wakaona kipi kimekubali. Katikati ya safari hiyo wanawake wa Gazi wakajenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wakawa wanatoza wageni kiingilio. Biashara ya kaboni, yaani kuwauzia wanunuzi kiasi cha hewa ukaa ambacho msitu umekihifadhi, haikuanza mpaka 2013. Hapo ni miaka zaidi ya 20 tangu mche wa kwanza wa majaribio. Mwaka 2017 walipopewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, dunia iliona mradi wa miaka minne, lakini chini yake palikuwa na kazi ya kizazi kizima.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wageni wenu si miche mingapi. Waulizeni: mnakusudia kuwa hapa kwa muda gani, na mkiondoka nani atabaki akipima?

Sasa tuje kwenye miche yenu. Hukueleza mlipanda wapi hasa, ila umeandika "mbele ya kijiji", na hilo linanitia shaka kubwa. Watu wengi wakiona matope matupu mbele ya mikoko hudhani ni uwanja wa wazi unaosubiri miti. Mkoko si mmea wa majini. Ni mti wa nchi kavu uliojifunza kustahimili chumvi na kuzamishwa kwa saa chache, kisha lazima upate saa nyingi za hewa. Ukiupanda chini mno, maji yanaufunika muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia, majani yanapakwa matope, viumbe wenye magamba magumu wanajibandika kwenye shina mpaka linainama, na wimbi la kusi linamalizia kazi. Hakuna uangalizi wala sala itakayouokoa mche uliopandwa mahali ambapo maji yenyewe yameshakataza.

Fanyeni hivi kabla ya kikao chochote. Siku ya bamvua, yaani zile siku za mwezi ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamekupwa kabisa, tokeni na wavuvi wawili watatu wa zamani pamoja na kina mama wanaotafuta pweza na chaza. Nendeni mpaka kwenye mti wa mwisho wa asili wa upande wa bahari. Tazameni pale mizizi yake ilipoishia. Mwinuko ule wa ardhi ndio mpaka ambao bahari imeuweka kwa miaka mingi, na kila kilicho chini yake ni mali ya kaa, chaza na nyasi bahari. Kupanda pale ni kupoteza miche na pia kuharibu mahali kina mama wanapotafutia kitoweo. Kisha rudini nyuma, mtazame ndani ya msitu na pembeni yake. Je, kuna miche inayojiotea yenyewe? Ipo mingi au ni ya hapa na pale? Ina majani mangapi? Imeliwa na mbuzi?

Jibu la maswali hayo madogo ndilo litakaloamua kila kitu. Ikiwa mbegu zinafika kwa wingi na kuota, halafu zinakufa, basi mahali pana ugonjwa: labda maji hayapiti, labda chumvi imezidi, labda mifugo inapita kila siku. Kuongeza miche mahali kama hapo ni kuongeza maiti. Ikiwa mbegu hazifiki kabisa, kwa sababu miti mama imekwisha au mkondo umeziba, hapo kupanda kunaweza kusaidia. Na ikiwa mbegu zinafika na zinakua, basi katibu, msipande kitu. Lindeni tu. Najua shirika halipati picha nzuri kwa kulinda, lakini msitu unaojiotea wenyewe huwa na aina zake zote na kila mti uko mahali pake.

Hili la kila mti mahali pake ndilo linalokosewa mno. Kwenye mwambao wetu mlilana ndio unaokaa mbele kabisa kuikabili bahari. Nyuma yake unakuja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kupinda hewani. Juu zaidi wanakaa muia na mkandaa. Mchu ni wa ajabu, utaukuta mbele karibu na mlilana na utaukuta tena nyuma kabisa kwenye ardhi yenye chumvi kali, ukiwa mfupi. Kikandaa hukaa upande wa nchi kavu, na mkomafi na msikundazi hupenda zaidi sehemu zinazofikiwa na maji baridi ya mto. Wazee wenu wanayajua haya kwa sababu walikata kila mti kwa kazi yake: mataruma ya jahazi yalitoka kwenye mti wake, boriti kwenye mti wake, na gome la kutia rangi nyavu kwenye mti wake. Ukipanda aina moja kwenye kanda zote, umepingana na maarifa waliyokuwa nayo kabla mtafiti yeyote hajafika.

Kwa nini basi mashirika karibu yote hupanda mkoko peke yake? Kwa sababu ni rahisi. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, inaning'inia ndefu na kijani, na mtu asiye na ujuzi wowote anaweza kuichomeka kwenye matope. Hata hapo kuna kujua na kutojua. Mbegu iliyokomaa unaitambua pale inapoungana na tunda: inatokeza shingo ya rangi ya njano, na ukiishika inaachia bila kung'ang'ania. Ile iliyonyofolewa kwa nguvu ili kutimiza idadi haijakomaa, na wengi hawana habari. Itazameni pia kama ina tundu la mdudu. Chomekeni theluthi tu ya urefu wake, ncha chini, bila kuchonga wala kupigilia. Mlilana na mchu ni kazi nyingine, vinahitaji kitalu au kung'oa miche midogo kwa uangalifu na udongo wake, na hapo ndipo wenye haraka hukata tamaa wakarudi kwenye mkoko.

Wala msidhani ni nyinyi peke yenu. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi kwenye mwambao wake. Watafiti walipokwenda kuhakiki maeneo 23, walikuta 9 hayana hata mche mmoja ulio hai. Kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofanikiwa ni kama 200 hadi 220. Ufilipino walimwaga fedha nyingi kwa miaka mingi, na miche iliyopona kwa jumla ilikuwa asilimia 10 hadi 20. Sababu ya Ufilipino inafanana na ya kwetu kuliko tunavyopenda kukubali. Mahali panapofaa mikoko, ambapo hapo zamani palikuwa na mikoko, pamegeuzwa mabwawa ya samaki na pana wenyewe. Matope ya wazi mbele ya bahari hayana mwenyewe. Kwa hiyo watu walipanda pasipo na ugomvi, wakaacha pale ambapo mti ungeota.

Kwenu Kilwa na Lindi mabwawa ya samaki ni machache, lakini mashamba ya chumvi yapo, na mengine yameachwa. Tuta la shamba la chumvi lililotelekezwa linaweza kuzuia maji ya bamvua yasifike kwenye ardhi kubwa nyuma yake, na ardhi ile ikakauka ikawa nyeupe. Mwikolojia Robin Lewis alionyesha huko Florida kwamba ukirudisha mwinuko wa ardhi na njia za maji kama zilivyokuwa, mbegu hujileta zenyewe na msitu hurudi bila kupandwa. Kama kijijini kwenu kuna tuta la namna hiyo, na mwenye shamba yuko tayari kuzungumza, siku chache za majembe mahali sahihi zinaweza kufanya kazi ambayo miche laki moja haitafanya. Pia kuna mahali ambapo tatizo linatoka mbali. Katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, hori la Mwache karibu na Mombasa lilipokea udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Huko hata mwanakijiji mwema kupita wote asingeweza kulizuia hilo kwa kupanda mbele. Delta ya Rufiji, majirani zenu wa kaskazini, wana lao: sehemu ya mikoko imefyekwa kupisha mpunga. Kila mahali pana kisa chake, na shirika linalokuja na dawa kabla ya kuuliza kisa lirudishwe likaulize kwanza.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana ukiwa kwenye mashua. Ukipita na ngalawa unaona kijani tupu, unasema msitu upo. Ingia ndani. Tazama miti yenye unene wa boriti, ule unene wa kuezekea nyumba. Mara nyingi utakuta fito na pau za kutosha, utakuta na mizee iliyopinda isiyofaa kitu, lakini boriti zilizonyooka hazipo, zimechaguliwa zote. Hivyo ndivyo misitu mingi ya mikoko ya Kenya ilivyokutwa na watafiti: eneo lipo, lakini miti mizuri imeondolewa mmoja mmoja, na iliyobaki kutoa mbegu ndiyo ile iliyopinda. Ndiyo maana ninapendekeza kwamba kabla ya kuzungumzia hekta mpya, kikundi chenu kiweke alama kwenye vipande vichache ndani ya msitu uliopo, mita 10 kwa mita 10, na kuhesabu miti yote kwa aina na kwa unene. Kamba, utepe wa fundi nguo na daftari vinatosha. Mkirudia kila mwaka mahali palepale, mtakuwa na kitu ambacho hakuna mgeni anayeweza kukipinga.

Na hesabuni mashimo ya kaa. Nasema hili kwa moyo wote kwa sababu watu hulidharau. Kaa wa mikoko huvuta majani yaliyoanguka wakayashusha shimoni, na mashimo yao huingiza hewa na maji kwenye matope ambayo vinginevyo yangekosa pumzi. Pale Gazi, watafiti walipochunguza mashamba yaliyopandwa yakiwa na umri wa kama miaka 5, walikuta kaa na viumbe wadogo wa matopeni wamerudi, wakati sehemu zilizobaki upara zilikuwa nyuma sana. Walikuta pia kwamba aina nyingine za mikoko ambazo hakuna aliyezipanda zimeanza kujiotea chini ya kivuli cha zile zilizopandwa. Hapo ndipo unapojua kwamba maumbile yameanza kurudi: pale kinapotokea kitu ambacho hukukileta. Chukueni fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, iwekeni sehemu zilezile kila msimu, hesabuni. Watoto wa shule ya msingi wanaiweza kazi hii, na wataipenda.

Nirudi kwenye ukataji, maana hapo ndipo Gazi walipofanya jambo ambalo sijalisikia katika barua yako. Walijua kwamba ukiuambia msitu huu usikatwe, mtu wa kujenga atakwenda kukata msitu wa jirani, na kuni za kupikia zitatoka mahali fulani. Kwa hiyo wakapanda mivinje kwenye ardhi ya nchi kavu ili iwape nguzo na kuni. Nani anakata mikoko kwenu? Ni fundi wa nyumba, ni mwenye tanuri la chokaa, ni mama anayekaanga samaki, au ni mfanyabiashara anayekuja usiku na jahazi? Hao ni watu wanne tofauti na kila mmoja anahitaji jibu lake. Yule mama anahitaji jiko linalokula kuni kidogo na kuni za kutoka mahali pengine. Yule wa usiku anahitaji mgambo, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni) na mtendaji wa kijiji wanaopokea simu. Mradi unaowafanya wote "jamii" kwa mkupuo mmoja utamkamata mama na kumwacha mwenye jahazi.

Halafu fedha. Hapa naomba uwasomee vijana taratibu. Mikoko Pamoja huuza kaboni ya kama tani 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo hiyo iliwaletea takribani dola 12,000 za Kimarekani kwa mwaka. Vijiji vya Gazi na Makongeni kwa pamoja vina watu zaidi ya 5,000. Ukigawa kwa kichwa, haifiki dola 3 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kaboni ya hekta 117 haimtajirishi mtu. Ila ikikusanywa mahali pamoja na kuamuliwa katika baraza, inatosha kuvuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule, na hivyo ndivyo ilivyotumika. Maji yakifika karibu na nyumba, mama hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa mikoko, anaufungua kila asubuhi. Mgeni yeyote anayewaahidi vijana wenu mishahara kutokana na kaboni ya kipande kidogo anawadanganya, au amedanganywa naye.

Wenzetu wa Gazi wamegawana kazi vizuri, na mgawanyo huo ningependa muuige kuliko kitu kingine chochote. Kamati iliyochaguliwa na wanakijiji ndiyo inayoendesha mradi na kupeleka mapendekezo ya matumizi kwenye mkutano. Kundi la wataalamu, wakiwemo wa KMFRI na Profesa Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, hushauri na kusaidia vipimo. Shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, ACES, hutafuta wanunuzi na kushughulikia makaratasi ya mauzo. Mwenye soko si mwenye msitu, na mpimaji si mlaji. Mradi umethibitishwa chini ya kiwango cha Plan Vivo, ambacho kinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya kaboni iende kwa jamii. Kwa hiyo waulizeni wageni wenu bila haya: mnatumia kiwango gani, asilimia ngapi inabaki kijijini, na ni asilimia ya nini, ya mauzo yote au ya kile kitakachobaki baada ya gharama zenu? Tofauti ya hayo mawili ni kubwa, na imewaumiza wengi.

Waulizeni pia mkataba ni wa miaka mingapi. Wa Gazi ni wa miaka 20. Mtoto anayezaliwa kijijini mwaka mnaotia saini atakuwa mtu mzima kabla haujaisha, na wakati wote huo kuna mambo mtakuwa mmejizuia kuyafanya msituni. Ramani ya eneo ioneshwe mkutanoni, siyo kwenye kompyuta ya mtu. Mpaka utembelewe kwa miguu. Sehemu za kuvua, za kupitisha ngalawa, za kuchukua dawa na za makaburi au mizimu kama zipo zitajwe kwa majina katika mkataba kwamba zinabaki wazi.

Kisheria, mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya taifa inayosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuuza kaboni yake kama kinavyouza nazi. Mnahitaji makubaliano ya usimamizi wa pamoja, na afisa wa TFS wa wilaya lazima awepo tangu kikao cha kwanza, asiletwe mwishoni kupiga muhuri. Kanuni za biashara ya kaboni zilitungwa mwaka 2022, na miradi hupitia kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, Morogoro. Muulizeni mgeni kama amekwishawasiliana nao. Akijibu kwamba "hayo yatafuata", basi na saini yenu nayo ifuate. Gazi nao hawakuanza hewani: sheria ya misitu ya Kenya ya 2005, na baadaye ya 2016, ziliruhusu vyama vya jamii kushiriki kusimamia msitu wa serikali, na mradi ukasimama juu ya mlango huo.

Kuna kipimo kingine rahisi cha kupima maneno makubwa. Mikoko mara nyingi hupandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, yaani miche 10,000 kwa hekta. Mtu akiwaambia atapanda miche milioni moja kwenu, hiyo ni hekta 100. Mwambieni awaoneshe hekta 100 hizo ziko wapi kwenye ramani, pale juu ya mstari ule mliouona siku ya bamvua. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Kuhusu posho ya vijana, msiibeze. Kijana anayetembea matopeni tangu alfajiri anastahili kulipwa. Tatizo ni kwamba analipwa kwa kuchomeka, kwa hiyo anachomeka. Pendekezeni fedha ileile igawanywe: sehemu ndogo siku ya kupanda, sehemu baada ya mwaka mmoja kwa kila mche ulio hai, na sehemu kubwa kabisa baada ya mwaka wa tatu. Anayehesabu asiwe yule anayelipwa, na hesabu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Shirika lenye imani na kazi yake litakubali. Lisipokubali, mtakuwa mmejua lilichokuja kutafuta. Na kama wana bajeti ya semina hotelini, waombeni iwe nauli ya watu wanne, wawili wazee na wawili vijana, mwanamke kwa mwanamume, waende Vanga, mpakani na Tanga. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata nyayo za Gazi kwa mradi wao wenyewe wa hekta 460, kwa hiyo makosa na mafanikio yao bado ni mabichi, na watawaeleza kwa Kiswahili bila mkalimani.

Kama mtaamua kuendelea, ombeni mwaka wa kwanza usiwe na kupanda kwa wingi. Uwe mwaka wa kuhesabu, wa kupima maji katika kaskazi na kusi, wa kuzungumza na wenye mashamba ya chumvi, na wa kipande kidogo cha majaribio cha nusu ekari chenye aina tatu au nne tofauti, kila moja katika kanda yake. Kitalu cha mivinje kianze mwaka huohuo kwenye ardhi ya kijiji, maana nguzo ya kwanza haitapatikana kabla ya miaka kadhaa, na mtu anayetaka kuezeka nyumba kabla ya masika hatasubiri kikao.